Kuutoa Upepo Katika Usukani wa Gari Baada ya Matengenezo

Gari linapotoka gereji baada ya kubadilishiwa pampu au mpira wa usukani, dereva hutarajia wepesi. Aghalabu hukumbana na kinyume chake: usukani unanguruma, unasitasita, na katikati ya kona unakuwa mzito ghafla kisha unalegea. Pampu mpya hulaumiwa bure. Yamkini ni upepo uliosalia ndani. (Mafundi husema upepo pale ambapo vitabu vya sayansi vingesema hewa, wala hawakosei; tairi nalo hujazwa upepo.)

Katika usukani wa haidroli, pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda husukuma mafuta hadi kwenye reki, nayo mafuta huisukuma pistoni iliyomo upande anakokata dereva. Kazi hii yote hutegemea sifa moja ya kiowevu: hata kikibanwa, ujazo wake haupungui kwa kiasi cha kuhisika. Hewa hubanika. Kwa hivyo, viputo vikishika nafasi ya mafuta, nguvu ya pampu huishia kuvibana badala ya kuyageuza magurudumu. Isitoshe, mafuta hayo ndiyo yanayoilainisha pampu yenyewe. Yakichanganyika na hewa, vyuma husuguana, na pampu iliyonunuliwa jana huanza kulika leo.

Dawa yake ni subira. Magurudumu ya mbele huinuliwa na gari kuegemezwa juu ya stendi imara, kwani jeki pekee si ya kuaminiwa. Chombo cha mafuta hujazwa hadi kwenye alama, kwa aina iliyoelekezwa katika kitabu cha gari. Mafuta yasiyofaa huweza kuharibu mipira ya kuzuia uvujaji. Kisha, injini ikiwa imezimwa, usukani hukatwa polepole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, mara ishirini hivi, huku mafuta yakiongezwa kila yanaposhuka.

Hapa ndipo wenye pupa hupotea. Wao huwasha injini mapema, pampu ikayapiga mafuta na hewa pamoja hata yakawa povu jeupe kama maziwa. Povu hilo likishatokea, halina budi kuachwa litulie ndipo kazi ianze upya.

Viputo vikikoma, injini huwashwa, ikaachwa katika mwendo wa chini, na usukani ukakatwa tena taratibu. Haushikiliwi mwishoni zaidi ya sekunde chache, maana hapo shinikizo hufika kilele na mafuta kuchemka.

Endapo viputo vitarejea siku chache baadaye, na pasionekane hata tone sakafuni, uchunguzwe mpira unaotoka kwenye chombo kuingia katika pampu. Upande huo huvuta. Kibanio kilicholegea hapo huweza kuingiza hewa bila kutoa mafuta.