Kabla ya kununua kiwanja, uliza watoto watacheza wapi

Mama mmoja alikuja na mwanawe wa miaka tisa aliyeongezeka uzito. Kliniki walikuwa wamemshauri apunguze soda na chipsi, na mtoto acheze kila siku mpaka atokwe jasho.

“Soda nimeacha kununua, daktari,” akasema. “Lakini acheze wapi? Uwanja wetu umejengwa fremu za maduka, na barabarani ni bodaboda tu.”

Ushauri wa kliniki ulikuwa sahihi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za michezo au shughuli zinazoufanya moyo wake uende mbio. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki, na wenye kisukari au shinikizo la damu nao hunufaika. Tena, mtoto anayecheza nje mchana ana nafasi ndogo zaidi ya kupata tatizo la kutoona mbali.

Lakini dawa hii inahitaji ardhi.

Eneo la wazi si kiwanja kilichokosa mwenyewe. Mtaa unapopangwa, mchoro wa mipango miji huonyesha viwanja vya makazi, barabara, shule, zahanati na maeneo ya wazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitambua halmashauri za majiji, manispaa na miji kuwa mamlaka za upangaji, na kubadili matumizi ya eneo kunahitaji kibali.

Tatizo kubwa zaidi ni ardhi inayokatwa vipande na kuuzwa kabla ya kupangwa. Kila muuzaji hupima kwa hatua za miguu, na hakuna anayeacha eneo la watoto. Urasimishaji ukija baadaye, hata njia ya gari la wagonjwa hupatikana kwa kuombana. Uwanja ndio mgumu zaidi, kwa sababu lazima nyumba ya mtu ibomolewe.

Mzazi anaweza kufanya nini?

• Kabla ya kulipia kiwanja, omba kuona mchoro ulioidhinishwa. Hakikisha kwa ofisi ya mipango miji ya halmashauri, usitegemee karatasi ya dalali pekee.

• Tafuta eneo la wazi kwenye mchoro, kisha nenda ukalione. Mtoto anaweza kufika bila kuvuka barabara kubwa?

• Ukiona tofali au mabati yanashushwa uwanjani, toa taarifa mapema serikali ya mtaa na halmashauri. Msingi ni rahisi kuuzuia kuliko ghorofa.

• Pasipo na uwanja, wazazi waombe kwa pamoja shule ya jirani iruhusu watoto kucheza jioni, kukiwa na mtu mzima wa kuwaangalia.

Yule mama tulikubaliana aanze na kamba ya kuruka uani, na Jumamosi ampeleke mwanawe uwanja wa shule. Alipokuwa akiondoka aliniambia wana kiwanja kingine wanachokilipia kidogo kidogo, nje ya mji. Nikamuuliza kama ameuona mchoro wake.

Hakuwa ameuona. Alisema ataanzia hapo.