KUCHEMSHA SI KUTAKASA
Kazi ya mvuke katika hospitali, maabara na zizi la ng'ombe

Mtu atokaye Mombasa akaja kukaa Kibomet, karibu na Kitale, hutambua upesi jambo moja jikoni. Maharagwe hayaivi! Wengine husema kuni ni mbichi, wengine husema maharagwe ni ya mwaka jana. Huenda ikawa hivyo, lakini iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho. Maji ya Kibomet huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.

Huko pwani maji huchemka yafikapo digrii 100. Kitale iko juu ya bahari kadiri ya futi 6,200, yaani karibu mita 1,900. Hewa ya huku juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama hewa ya pwani, kwa hiyo maji huchemka kwenye digrii 94 hivi. Bungoma, ambako ni chini kidogo, huchemka kwenye digrii 95. Hata ukiongeza kuni, maji yatatokota kwa kishindo na kukauka upesi, lakini joto lake halizidi hapo.

Kwa maharagwe, hasara ni kuni na wakati tu. Lakini kwa mkasi wa kukatia kitovu cha mtoto, kwa kisu cha daktari, na kwa sindano ya ng'ombe, ni jambo la uhai na mauti.

VIJIDUDU VYENYE GANDA

Vijidudu vingi vya ugonjwa hufa katika maji yanayochemka, hata haya yetu ya digrii 94. Lakini wako wengine wenye ujanja. Wakiona mambo yamekuwa magumu, hujifungia ndani ya ganda gumu, kama mbegu ya mtama ingojayo mvua. Hapo hawali, hawazai, wala hawafi upesi. Kijidudu cha kimeta hufanya hivyo, na huweza kungoja katika udongo kwa miaka mingi sana. Cha chambavu hufanya hivyo pia, na cha pepopunda, ambayo huua watoto wachanga waliokatwa kitovu kwa chombo kichafu.

Maganda hayo yaweza kuchemshwa sufuriani kwa muda mrefu, na yakitoka yakaingia katika jeraha, mbegu huota. Basi mtu asemaye, "Nimechemsha, kwa hiyo ni safi kabisa," hajasema kweli yote. Amepunguza hatari, naam, lakini hajaimaliza.

CHUNGU CHENYE KIFUNIKO CHA KUFUNGWA

Dawa yake ni mvuke uliofungiwa. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, aliwaonyesha wataalamu wa London chungu cha chuma chenye kifuniko cha kufungwa kabisa. Mvuke ulipokosa njia ya kutoka ulisukuma, na maji yakapata moto kupita kiasi cha kawaida, hata mifupa ikalainika. Papin alitaka kupika tu. Miaka 200 baadaye, mwaka 1879, Mfaransa mwingine, Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Louis Pasteur, alitumia akili ile ile kuua vijidudu. Ndicho chombo ambacho mafundi hukiita otoklevu, na hospitali na maabara nyingi za siku hizi hukitumia.

Ndani ya chombo hicho mvuke hufikia digrii 121. Kwa joto hilo, hata maganda ya kimeta hufa katika dakika 15, zikihesabiwa tangu joto lilipofika, si tangu moto ulipowashwa. Vitu vilivyofungwa katika vitambaa huachwa zaidi, hata dakika 30, ili mvuke upenye mpaka ndani.

Pengine utauliza, kwa nini visiokwe tu katika joto kavu? Yawezekana, lakini joto kavu lataka digrii 160 kwa muda wa saa 2. Mama yeyote ajua sababu. Mkono waweza kupita upesi juu ya makaa bila kuungua, lakini mvuke wa sufuria ukikupiga, ngozi huinuka papo hapo. Mvuke ugusapo kitu baridi hugeuka kuwa maji, na papo hapo humwaga joto lake lote juu ya kitu hicho.

ADUI NI HEWA

Chombo hiki kina adui mmoja, nayo ni hewa. Hewa ikibaki ndani, geji itaonyesha nguvu ya kutosha, lakini joto litakuwa pungufu, na vijidudu vilivyo katika kona ile vitapona. Ndiyo sababu fundi mwenye kuijua kazi yake huacha mvuke utoke kwanza kwa nguvu, ukiisukuma hewa nje, ndipo hufunga valvu. Vile vile hapakii vitu kwa kushindilia kama magunia ya mahindi katika lori. Huviacha na nafasi, na bakuli huzilaza ubavu, ili hewa isikae ndani yake kama maji katika kata.

Kazi ikiisha, vitambaa sharti vikauke kabla ya kutolewa. Kitambaa chenye maji hupitisha vijidudu kutoka mikononi mpaka ndani.

GEJI YA PWANI HUDANGANYA HUKU JUU

Hapa twarudi kwenye maharagwe yetu. Vitabu vingi husema mvuke utiwe nguvu ya ratili 15 kwa kila inchi mraba, upate digrii 121. Maneno hayo ni kweli Mombasa. Huku Kitale, geji ikisoma 15, joto la ndani ni kama digrii 118 tu, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Digrii 3 zaonekana kidogo, lakini muda utakiwao huwa karibu maradufu, dakika 30 badala ya 15.

Kanuni yake ni rahisi. Kila futi 1,000 za mwinuko, ongeza nusu ratili. Kwa futi 6,200 za Kitale ni ratili 3, basi geji isome 18. Lakini mtu asivuke kamwe alama aliyoweka mtengenezaji, maana chombo chaweza kupasuka. Kama hakiwezi kubeba 18, afadhali kuongeza muda. Na chombo kikiwa na kipima joto, hicho ndicho cha kuaminiwa kwanza.

Kuna pia tepu ambayo mistari yake huwa myeusi ikipata joto. Tepu hiyo huonyesha kwamba furushi limepita katika moto, haionyeshi kwamba kila kijidudu kimekufa. Kwa hiyo mara kwa mara huwekwa ndani vijidudu vigumu visivyodhuru watu, kisha hupelekwa maabara kuona kama vitaota. Visipoota, chombo kinafanya kazi.

CHANJO ILIYOSHINDA SOTOKA

Mkulima asidhani mambo haya ni ya hospitali tu. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuleta njaa kubwa. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo yake, wakikuza kijidudu cha sotoka ndani ya chupa. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila vyombo safi kabisa, maana uchafu mdogo ukiingia huharibu chupa nzima. Chanjo hiyo ilienea kote, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Maabara hutumia mvuke mara mbili: kabla ya kazi, ili visiingie vijidudu, na baada ya kazi, ili visitoke. Damu ya ng'ombe wa kimeta ikisha kupimwa, vyombo na takataka zake hupita kwanza katika mvuke.

YAKUPASAYO SHAMBANI

Mwenye shamba katika skimu ya makazi hana otoklevu, wala hatakiwi kununua. Lakini ng'ombe wawili au watatu wa maziwa ndio karo ya watoto wake. Basi ashike haya:

1. Kila ng'ombe na sindano yake. Damu kidogo iliyobaki katika sindano yaweza kupeleka ndigana baridi kutoka ng'ombe mmoja mpaka mwingine. Usione haya kumwuliza daktari wa mifugo, "Sindano hii imemchoma nani?"

2. Sindano za plastiki hutumiwa mara moja, kisha hutupwa mahali pa salama. Usizichemshe upya, wala usiwape watoto wachezee. Katika hospitali pia, dai sindano mpya ifunguliwe mbele yako.

3. Mabomba ya chuma yaoshwe kwanza, damu yote itoke, ndipo yachemshwe. Mvuke haupenyi vizuri katika damu iliyokauka.

4. Usioshe bomba kwa dawa kali kabla ya kutia chanjo iliyo hai. Mabaki ya dawa huua chanjo, nawe utadhani ng'ombe amekingwa, kumbe hakukingwa.

5. Ng'ombe akifa ghafula na damu ikitoka puani bila kuganda, usimchune, usimpasue, usile nyama yake. Mwite daktari wa mifugo. Ukimfungua, vijidudu hupata hewa na kujivika ganda, na hakuna otoklevu ya kutakasa malisho mazima.

6. Mkiwa katika kamati ya zahanati, ulizeni maswali mawili: Je, geji imesahihishwa kwa mwinuko wa hapa? Na chombo kilipimwa lini mara ya mwisho?

Maswali hayo si ya kumwonea mtu. Fundi mwema hufurahi kuulizwa, kama mkulima mwema afurahivyo kuulizwa habari za mbegu yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu huku juu ni digrii chache tu, tuuzibe.