Dripu Nyumbani: Mke wa Askari Aulize Nini?

Mtoto akipata uambukizo ndani ya mfupa, huenda akahitaji dawa ya mshipani kwa wiki kadhaa. Zamani hiyo ilikuwa na maana ya kulala hospitali siku zote hizo. Siku hizi nchini Marekani wagonjwa wengi hurudi nyumbani na mrija mwembamba mkononi, na mama hufundishwa na muuguzi namna ya kutia dawa. Kwa dada zetu walioolewa na askari wa nchi hiyo, hii ni nafuu kubwa, hasa baba akiwa safarini kikazi na wadogo wa mgonjwa wakimlilia mama.

Je, bima hulipa? Familia za askari zina bima ya serikali iitwayo TRICARE, iliyochukua nafasi ya CHAMPUS katika miaka ya 1990. Hulipia dawa, vifaa na muuguzi wa kuja nyumbani, mradi matibabu yawe ya lazima. Lakini idhini hutangulia, ndipo matibabu yafuate.

Katika mpango wa Prime, familia ya askari aliye kazini haitozwi matibabu ikifuata utaratibu. Ukienda kwa mtaalamu bila kutumwa na daktari wako, unalipa dola 300 za kwanza, kisha nusu ya gharama inayokubaliwa. Hizo ni fedha za karo na chakula!

Basi mama, kabla ya kutoka wodini uliza:

1. Idhini imekwisha kutoka? Inakoma tarehe gani?
2. Duka la dawa na muuguzi wana mkataba na TRICARE?
3. Jina la mtoto limo katika DEERS, daftari la familia za askari?
4. Nimpigie nani simu usiku mrija ukiziba?

Andika majibu, tarehe na jina la aliyekujibu. Ukikataliwa, usikate tamaa. Barua ya kukataa hueleza njia ya rufaa, na kwa kawaida una siku 90. Mkumbuke yule mjane wa Luka 18, aliyemwendea hakimu bila kuchoka.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mrija. Mtoto akipata homa au kutetemeka, au mkono ukivimba na kuwa mwekundu, piga simu mara moja, usingoje asubuhi.

Tuombe uponyaji kwa imani, na karatasi zetu tuziweke tayari.