Koneksyo mbili na bado gizani: namna ya kufanya ruta ihame yenyewe

Siku ya posho moja, saa moja ya magaribi, mwandishi wetu wa kijijini alitutumia sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp: mto umejaa, umebeba daraja, na kesho yake njo siku ya soko. Ile sauti ilitufikia saa nne ya usiku, wakati mtangazaji ameisha kufunga. Asubuhi wamama walifika ku mto na mihogo kichwani, wakakuta daraja haiko. Wakarudi nayo.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba tulikuwa na koneksyo mbili. Ya kwanza inaingia kwa antena ya juu ya nyumba, tunailipa kila mwezi. Ya pili ni modemu ndogo yenye kadi SIM, tuliyoinunua kwa mchango wa wafanyakazi kusudi ya kwanza ikikufa, ya pili ishike kazi. Zote mbili zilikuwa zimechomekwa ku ruta moja. Ile magaribi ya kwanza ilikufa, ya pili ilikuwa nzima na mega zake ndani, lakini ruta iliendelea kututuma ku njia iliyokufa kwa saa tatu. Na fundi, yeye peke anayejua password, alikuwa ku kilio, simu imezimwa.

Tangu hapo tuliketi na mafundi wawili watatu tukauliza. Tunaandika haya juu sentali za afya, shule na maduka ya kutuma pesa wako na shida ileile.

Ndani ya ruta kuko orodha ya njia. Kila njia iko na namba, na yenye namba ndogo njo inapita mbele. Ku ruta za MikroTik, ambazo mafundi wengi wanatumia, unaipa koneksyo kubwa namba 1 na ile ya SIM namba 2. Namba 2 inakaa inangoja. Itashika kazi tu wakati namba 1 imetoka ku orodha.

Sasa, namba 1 inatoka lini? Hapo njo mutego. Kama haukuongeza kitu, inatoka tu wakati waya umechomoka ama kifaa kimezimika. Antena yetu ilikuwa inawaka, waya mzima, taa za kijani zote. Kilichokufa kilikuwa mbali, ngambo ya pili. Ruta ikaona jirani wake yuko, ikasema njia ni nzima.

MikroTik iko na kitu kinaitwa check-gateway. Ukikiwasha, ruta inaita mlango wa njia kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili inaitoa ile njia. Ni vizuri, lakini anayeitwa bado ni jirani wa karibu. Ni kama mutu wa Bukavu anayetaka kujua kama barabara ya Uvira iko wazi, halafu anauliza mlinzi wa mlango wake.

Lazima ruta iulize mtu wa mbali. Mafundi wanatumia adrese zinazojulikana dunia nzima, kama 8.8.8.8 ya Google ama 1.1.1.1 ya Cloudflare. Unaambia ruta: 8.8.8.8 utaifikia kwa koneksyo ya kwanza tu, usipite pengine. Kisha unaifunga njia kubwa ku ile adrese. Adrese ikinyamaza, njia kubwa inaanguka, SIM inashika, kwa muda wa nusu dakika hivi. Ikianza tena kujibu, ruta inarudi yenyewe. Kama uliyekuwa unaongea naye kwa WhatsApp amekatika wakati wa kuhama, umuite tena. Hilo halina dawa rahisi, juu adrese yako ya inje imebadilika.

Kuko makosa mawili ambayo sisi wenyewe tuliyafanya. La kwanza: ile sheria wanaita masquerade, inayofanya mashine za ndani zitoke inje kwa adrese moja, tuliiweka ku mlango wa antena tu. Ruta ilihama, lakini hakuna kilichotoka. La pili lilitusumbua siku mbili: tulikuwa tumezipa ordinatere zetu 8.8.8.8 kama DNS, yaani mahali pa kuulizia majina ya tovuti, na hiyohiyo njo ruta ilikuwa inapimia. Antena ikikufa, 8.8.8.8 haifikiki tena hata kama SIM inafanya kazi, basi hakuna ukurasa unaofunguka. Pima na moja, ulizia majina ku ingine. Na usitumie DNS ya muuzaji mmoja kwa koneksyo zote, juu mara nyingi inajibu wateja wake peke.

Halafu mega. Ruta ikihama haipige kelele. Usiku wa kwanza ilihama vizuri kabisa, sisi tukafurahi, na asubuhi forfe imekwisha: ordinatere moja ilikuwa inashusha mapya ya Windows. Sasa ku SIM inapita mashine ya studio tu. Simu za wafanyakazi zinangoja. Walinung'unika, wakazoea.

Lakini hata ruta iliyopangwa vizuri haisaidie kama njia mbili ni moja. Makampuni ya simu mbalimbali yanaweka antena zao ku mnara mmoja. Helios Towers iko na kazi hiyo ya kukodisha minara hapa Congo. Mazutu ikiisha ku mnara, SIM mbili za majina tofauti zinakufa pamoja. Na ku bahari ni vilevile: Agosti 2023, udongo ulioporomoka chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Congo, ulikata waya za WACS na SAT-3 kwa pamoja. WACS njo inafika Muanda. Kwa hiyo mbele ya kulipa, uliza muuzaji: intaneti yako inapita wapi mpaka inje? Satelaiti inafuata njia yake, na Starlink ilipata ruhusa ya kufanya kazi mu nchi yetu mwaka 2025, lakini nayo inataka umeme. Weka batri kwa ruta, modemu na antena, zote tatu, si ruta peke.

Na kuko siku ambazo hakuna ruta inaweza. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu.

Kwa kujaribu, watu wengi wanachomoa waya. Hiyo ni mtihani mwepesi, ruta itaufaulu tu. Sisi kila mwanzo wa mwezi tunaacha antena inawaka, tunazuia jibu la adrese ya kupimia, tunahesabu. Mara ya mwisho ilichukua sekunde 24. Password iko ndani ya bahasha, mu saraka ya mkuu wa programu, na mlinzi wa usiku anajua ufunguo unakaa wapi.