Sura ya Sita: Baada ya Kura, Bajeti

Soko la Chepilat limekaa mpakani. Upande mmoja ni Sotik, kaunti ya Bomet. Upande wa pili ni Borabu, kaunti ya Nyamira. Majirani wanaouziana bidhaa kila wiki huchagua magavana tofauti na wawakilishi wadi tofauti. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huu uliona nyumba zikichomwa na watu wakiuawa. Kwa hiyo anayehamasisha wapiga kura hapa ana kazi mbili: kuwafikisha watu kituoni, na kuwaonyesha kwamba jirani wa ng'ambo ya barabara si mshindani wao.

Kiwango cha wanaojitokeza kupiga kura kimepungua nchini Kenya. Mwaka 2013 walipiga kura takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2022 walikuwa takriban asilimia 65. Mkulima aliyepiga kura mara tatu na barabara yake bado ni matope ana sababu ya kukata tamaa. Kumwambia kura ni haki yake hakutoshi. Aonyeshwe pesa za barabara hiyo zinapangwa wapi na lini.

Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzilazimu kuwashirikisha wananchi. Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati ya tarehe hizo ndipo daraja, zahanati au maji ya kijiji huingizwa kwenye bajeti au huachwa nje. Anayengoja Julai ndipo alalamike amechelewa.

Tatizo ni kwamba vikao vya kukusanya maoni mara nyingi huitishwa asubuhi, tena mbali, wakati wachuma chai wako shambani. Wapelekewe kikao walipo. Kwenye kituo cha kununulia majani, wakulima hungoja lori wakiwa pamoja, wanawake wengi miongoni mwao. Saa hiyo yatosha kueleza bajeti ya wadi kwa Kikipsigis, Ekegusii au Kiswahili. Wakipsigis walikuwa na kokwet, kikao cha majirani kilichojadili jambo mpaka waafikiane. Desturi hiyo ifufuliwe, safari hii wanawake na vijana wakiwa na sauti sawa na wazee.

Vijana wanaotimiza miaka 18 wasaidiwe kwanza kupata kitambulisho, kwani bila hicho wengi wao hawawezi kujiandikisha na tume ya uchaguzi, IEBC. Na maoni yaliyotolewa yaandikwe, kisha mwakilishi wadi arudi kueleza lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Watu wakijibiwa, watarudi kikaoni.

Msomaji, usingoje uchaguzi wa Agosti 2027. Uliza leo kikao cha bajeti cha wadi yako ni lini, kisha nenda na jirani.