KIPIMO KWANZA, TIBA BAADAYE

Sauti yaweza kuua nyama iliyo ndani ya mwili pasipo kisu kugusa ngozi. Jambo hili si hadithi. Mwaka wa 2004 Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mawimbi ya sauti yatumike kuunguza uvimbe wa mji wa mimba. Na mwaka wa 2016 yakaruhusiwa kutibu ugonjwa wa kutetemeka mikono, kwa kuchoma sehemu ndogo ndani ya ubongo.

Sikio la mtu hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mawimbi haya yaweza kufika 1,000,000 na kupita. Hukusanywa mahali pamoja, kama kioo kikusanyavyo jua hata karatasi ikaungua, na mahali hapo huwa padogo kama punje ya mchele. Basi nani ajuaye kwamba punje hiyo imeangukia uvimbe, wala si mshipa wa fahamu ulio jirani?

Jawabu ni kipimo. Fundi huanza katika tangi la maji yaliyoondolewa hewa, akisogeza haidrofoni, yaani chombo kidogo cha kunasa sauti majini, hatua kwa hatua. Lakini maji si nyama. Maji hupitisha sauti karibu yote. Nyama huimeza na kuigeuza joto. Tena sauti ikizidi ukali, viputo huzuka na kuweza kukiharibu chombo chenyewe.

Kwa hiyo hutengenezwa nyama ya bandia kwa jelatini, aga au jeli nyingine, ipitishe sauti kwa mwendo wa nyama, karibu mita 1,540 kwa sekunde, na kuimeza kwa kadiri ile ile. Jeli nyingine hutiwa protini, ambayo ikipata moto hugeuka nyeupe kama ute wa yai, na fundi akaona kwa macho palipoungua. Waya mwembamba wa kupimia joto hutiwa ndani pia. Nao hauaminiwi ovyo, kwani kuwapo kwake tu huongeza joto, na hesabu yake haina budi kusahihishwa.

Wako watakaosema kazi hii yachelewesha tiba. Twawajibu: joto la nyuzi 56 za sentigredi kwa sekunde moja latosha kuua nyama, iwe mbovu au nzima. Jeli ikiungua pasipostahili, hutupwa ikapikwa nyingine. Ubongo haupikwi mara ya pili. Heshima tumpayo daktari yamstahili pia mfanyakazi huyu wa tangi, ambaye mgonjwa hatamwona kamwe.