Mbweha, na Namna ya Kumwita

Katika nchi ya Ngara, kama pale Mabawe, jua likiisha kuchwa na kuku wakiisha kufungiwa, husikika vichakani sauti moja kama ya bundi, kisha kimya. Mgeni hudhani ni ndege. Kumbe ni mbweha mwenye mstari mweupe ubavuni. Ndugu yake mwenye mgongo mweusi hulia kwa sauti ndefu ya kuomboleza, lakini huyu hulia kama bundi. Kwa kuwa wanafunzi hutuuliza habari zake mara nyingi, twaona vema kuzieleza hapa.

Kwanza jina lake. Katika Biblia ya Kiswahili (Waamuzi 15) twasoma kwamba Samsoni alikamata mbweha mia tatu. Waingereza wasomapo habari hiyo humfikiri mnyama mwekundu wa kwao, ambaye hayupo katika nchi yetu. Lakini neno la Kiebrania laweza kuwa na maana zote mbili, na wafasiri wengi humchagua mbweha, kwa kuwa yeye huweza kupatikana wengi mahali pamoja, bali yule wa Ulaya huwinda peke yake. Basi mwalimu asione haya kumwonyesha mtoto mnyama wa kwao.

Sasa namna ya kumwita. Mbweha hufuata masikio kwanza, kisha pua, na macho mwisho. Kwa hiyo mwindaji huketi kimya kichakani, upepo ukimpiga usoni, huweka midomo juu ya mgongo wa mkono wake na kufyonza, hata itoke sauti nyembamba kama ya sungura aliyeumia. Huita kidogo, hunyamaza kitambo, huita tena; maana sungura halisi hachoki kufa kwa saa nzima. Mbweha akisikia haji moja kwa moja, bali huzunguka ili aupate upepo wa mwitaji. Akiisha kunusa mtu, hutoweka, wala haitiki tena upesi. Huko Marekani huwaita koyoti kwa njia iyo hiyo, na wakulima wa Afrika Kusini huwaita mbweha wenye mgongo mweusi.

Njia ya pili ni ya mbwa, wavishwao njuga shingoni ili mwindaji ajue walipo katika nyasi ndefu. Hapo ndipo penye hatari ambayo twataka wasomaji waiangalie. Mbweha huugua kichaa cha mbwa. Akimwuma mbwa wa mwindaji, mbwa huyo hurudi nyumbani na kulala karibu na watoto. Tena mbweha ajaye mchana bila hofu, pasipo kuitwa, si mpole. Yamkini ni mgonjwa. Aliyeumwa na aoshe jeraha papo hapo kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa siku ile ile, maana ugonjwa ukiisha kuonekana hauna dawa. Na mbwa wachanjwe kila mwaka.

Je, yafaa kumwua? Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mtu haruhusiwi kuwinda bila kibali. Nao mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Tena mbweha huyu hula panya, wadudu na matunda kuliko mifugo. Amwuaye hujiongezea panya ghalani. Wamarekani wamewaua koyoti kwa miaka mingi, kwa bunduki, mitego na sumu, hata hivyo wameenea kutoka nyika za magharibi hata pwani ya Atlantiki.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: banda la kuku liwe imara, mlango ufungwe kabla ya giza, mizoga ifukiwe. Ustadi wa kuita usipotee, bali utumike kumtazama na kumhesabu. Mtoto aliyemwita mbweha kwa mkono wake, akamwona akija taratibu katika mbalamwezi, hatasahau somo la siku ile.